Bei Ikikataliwa: Mazungumzo kwa Wakazi wa Kata ya Vugiri juu ya Kuuziana Nyumba

(Yafuatayo ni maneno ya Ofisa Habari wa Halmashauri ya Wilaya kwa wakazi wa Kata ya Vugiri. Yanachapwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)

 

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo nusu yake kila mmoja wetu analijua vizuri. Kupatana bei hatufundishwi na mtu, tunakulia humo. Nusu ya pili ndiyo inayotutesa. Mtu anataka kununua nyumba, anataja bei, mwenye nyumba anakataa. Au mwenye nyumba anataja bei, mnunuzi anajibu kwa bei nyingine. Tangu saa hiyo, ni neno la nani linalosimama? Nani amefungwa na kauli yake, na nani yu huru kwenda kwa mtu mwingine? Hapo ndipo majirani wanapogombana, ndugu wanapoacha kusalimiana, na fedha iliyokusanywa kwa miaka mingi inapopotea bila mtu yeyote kukusudia kuiba.

Niseme mapema kwamba mimi si mwanasheria. Nimesomea habari, na kazi yangu ni kuyachukua yaliyoandikwa katika sheria na kuyaleta barazani kwa lugha tunayoielewa. Mwenye shauri zito amwone mwanasheria, au wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambao kazi yao ni kuwahudumia watu wasio na uwezo wa kulipa wakili.

Tuanze na sokoni. Unashuka Korogwe, unaona mkungu wa ndizi. Mwenye mkungu anasema shilingi elfu kumi na tano. Wewe unasema elfu kumi. Anakataa. Unapiga hatua tatu kama mtu anayeondoka, kisha unageuka: "Haya, chukua elfu kumi na tano yako." Anakupa ndizi na anakutakia safari njema. Bei yake ya kwanza ilikungoja pale pale ulipoiacha. Desturi hii ni nzuri, na mimi mwenyewe naifurahia. Lakini imetuzoeza vibaya, kwa sababu tunadhani nyumba nayo huuzwa hivyo.

Kwa nyumba mambo ni tofauti. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ilitungwa mwaka 1961, mwaka ule ule wa Uhuru, kwa kufuata mfano wa Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872 ambayo ilikuwa ikitumika hapa kabla yake. Kifungu cha 7 kinasema kwamba kukubali pendekezo lazima kuwe kamili na kusiwe na sharti. Maana yake ni hii: ukiambiwa milioni tisa, nawe ukajibu, "Nakubali, ila kwa milioni nane," hujakubali kitu. Umetoa pendekezo lako jipya, na lile la kwanza umelikataa, hata kama umelikataa kwa tabasamu na kwa adabu zote.

Kuna kesi moja ya zamani ambayo wanafunzi wa sheria huisoma mpaka leo, nami naipenda kwa sababu inahusu shamba. Mwaka 1840 huko Uingereza, mtu aitwaye Wrench alikuwa na shamba la kuuza. Mwezi wa Juni alimwandikia Hyde kwamba yuko tayari kumuuzia kwa pauni 1,000. Hyde akajibu kwa pauni 950. Wrench akatafakari, na baada ya wiki kadhaa akakataa. Hyde aliposikia amekataliwa, akaandika haraka: basi, nakubali zile 1,000. Wrench hakutaka tena. Hyde akaenda mahakamani akidai kwamba shamba ni lake kwa bei ile ya kwanza, maana hakuna aliyemwambia kwamba imefutwa. Alishindwa. Jaji alisema kwamba Hyde mwenyewe ndiye aliyeifuta siku aliyosema 950, na hakuwa na uwezo wa kuifufua peke yake. Hukumu za Uingereza haziwabani majaji wetu, lakini mara nyingi huwa mwongozo kwao, na kifungu chetu cha 7 kinasimama juu ya msingi huo huo.

Tuihamishie hapa Vugiri. Tuchukulie kwamba mzee mmoja anauza nyumba ya vyumba vitatu, yenye mabati na migomba nyuma yake. Anakwambia milioni tisa. Unajibu saba na nusu. Anasema, "Hapana, mwanangu." Unarudi nyumbani ukiwa na amani, unauza ng'ombe wako, unamwomba shemeji yako aliyeko Dar es Salaam akuongezee, na baada ya wiki mbili unapanda mlima na milioni tisa kamili mfukoni. Unakuta nyumba imekwisha kuuzwa kwa milioni nane na laki tano. Utalia kwamba umedhulumiwa. Utawaambia watu kwamba mzee hana neno. Lakini mzee hakukudhulumu. Tangu uliposema saba na nusu, naye akakataa, hakuna kitu kilichobaki kati yenu. Ng'ombe umeuza kwa ahadi ambayo haikuwapo.

Kwa hiyo mnunuzi afanyeje? Asipatane? La hasha. Apatane, ila ajue tofauti kati ya kuuliza na kujibu. Mwaka 1880, huko huko Uingereza, mahakama iliamua kesi ya wafanyabiashara wa chuma: mnunuzi aliuliza kama muuzaji angeweza kumpa muda wa kupokea mzigo na kulipa kwa awamu, na mahakama ikasema kwamba kuuliza si kukataa; pendekezo la kwanza bado lilikuwa hai. Katika hili ulimi una kazi kubwa. Ukisema, "Nitatoa milioni nane," umeua milioni tisa. Ukisema, "Mzee wangu, bei yako nimeisikia na sijaikataa. Naomba kuuliza tu, je, waweza kupokea kwa awamu mbili?" umeacha mlango wazi. Maneno hayo "sijaikataa" hayagharimu shilingi hata moja. Yatumieni.

Na ukishataja bei yako nayo ikakataliwa, lakini bado unaitaka nyumba, usikae kimya ukidhani unaeleweka. Rudi useme: "Ile bei yako ya kwanza, je, bado ipo?" Akijibu kwamba ipo, amelitoa pendekezo upya, na wewe unaweza kulikubali. Ni swali la sekunde tano, nalo huokoa ng'ombe.

Upande wa muuzaji nao una mitego yake. Kifungu cha 5 cha sheria ile ile kinamruhusu mtoa pendekezo kuliondoa wakati wowote kabla halijakubaliwa. Kwa hiyo unapomwambia mnunuzi, "Nakupa mpaka Jumapili," bila yeye kutoa chochote kwa ajili ya muda huo, waweza kubadili nia Ijumaa, ilimradi taarifa ya kubadili nia imfikie kabla hajakubali. Lakini akikubali Alhamisi kwa maneno kamili, nawe ukamkimbilia mwingine mwenye laki mbili zaidi, usishangae ukiitwa kwenye baraza. Nawashauri wauzaji waseme tarehe, waiandike, na waiheshimu. Kijijini jina la mtu lina bei kubwa kuliko laki mbili. Pia pendekezo hukoma aliyelitoa akifariki, kama anayetaka kulikubali alizipata habari za msiba kabla ya kukubali. Msiende kwenye matanga na fedha mkononi mkidai kwamba marehemu alikubali kuuza. Hapo mnaanza upya na familia.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye neno lenyewe "hapana", kwa sababu naona ndilo linaloharibu mengi kuliko bei.

Huku kwetu mtu akikataliwa bei huona amedharauliwa. Anasema, "Ameniona mimi maskini." Au muuzaji akipewa bei ndogo husema, "Anaichezea nyumba aliyojenga baba yangu." Wote wawili wamekosea shabaha. Mara nyingi "hapana" haihusu fedha kabisa. Mzee anakataa milioni nane, nawe unadhani anataka tisa, kumbe nyuma ya migomba kuna makaburi ya wazazi wake na hajui atayaombaje kwa mtu mgeni. Au anataka kuvuna mahindi yaliyoko shambani kwanza. Au binti yake yuko kidato cha nne na hataki kumhamisha kabla ya mtihani. Au njia ya kwenda kwenye maji inapita uani, na jirani ataikosa. Mnunuzi asiyejua sababu huongeza fedha mahali ambapo fedha si tatizo, na muuzaji asiyesema sababu humpoteza mnunuzi mwema.

Hivyo ukikataliwa, usiongeze bei papo hapo. Uliza kwa heshima: "Mzee, kinachokuzuia ni fedha au kuna jambo jingine?" Mwache aseme, hata kama itachukua vikombe viwili vya chai. Makaburi yanaweza kutengwa na kupimwa pembeni, na haki ya familia kuyazuru ikaandikwa. Mavuno yanaweza kupewa tarehe. Njia ya maji inaweza kubaki njia. Nimejifunza kuliamini jibu la bei linalokuja na mambo mawili, yaani fedha na sharti, kuliko lile linalokuja na tarakimu peke yake. "Milioni nane, nawe unavuna mahindi yako na kuhama baada ya mavuno" ni pendekezo lenye utu ndani yake. Linamwonyesha mwenye nyumba kwamba umemwona yeye na siyo mabati yake tu.

Na wewe muuzaji unayekataa, kataa kwa uwazi. "Nitafikiria" isiyo na tarehe ni kumfunga mtu kamba asiyoiona. Sema hapana, sema ni bei au ni sharti, na kama una bei ya jibu, itaje. Tena itaje wewe mwenyewe. Dalali ana kazi yake halali, lakini bei inayopita kinywani mwa mtu wa tatu hubadilika njiani kama maji ya mto wakati wa masika. Kabla ya kukubali au kukataa, lisikie neno kwa mwenye nyumba.

Mwenye nyumba ni nani, basi? Nimelifikia jambo ambalo ni zito kuliko bei zote. Bei ya jibu huwa na nguvu ikitoka kwa mtu mwenye mamlaka ya kuitoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ingalipo. Kwa hiyo unapopatana na baba peke yake barazani, na mama yuko jikoni hasikii, hujapatana bado. Mwite mama. Mama zangu, nanyi msiseme "hayo ni mambo ya wanaume". Hiyo ni nyumba yenu. Kwa nyumba ya urithi, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mmoja aliyeko Tanga mjini akikutumia ujumbe wa simu kwamba "mimi nimekubali saba", amekubali kwa niaba ya nafsi yake tu.

Tukizungumzia simu, vijana wenzangu mnisikilize. Siku hizi bei zinapatanwa kwa ujumbe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua mawasiliano ya namna hiyo katika kufanya mikataba. Neno "sawa" ulilolituma usiku wa manane bila kufikiri linaweza kuletwa siku moja kama ushahidi. Kama hujakubali, andika: "Nimepokea ujumbe wako, nitajibu kesho." Msifute mazungumzo hayo mpaka jambo liishe.

Tuseme mmekubaliana. Bei imefika mahali ambapo wote mmetikisa vichwa. Je, mmemaliza? Hapana, na kwa ardhi ya kijiji mko katikati tu ya safari. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, na mauzo yake yanahitaji idhini ya halmashauri hiyo. Mahakama ya Rufani, katika shauri lililotoka mkoa wetu huu wa Tanga, imewahi kusema wazi kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji yaliyofanyika bila idhini ya Halmashauri ya Kijiji ni batili tangu mwanzo. Batili tangu mwanzo maana yake ni kwamba mbele ya sheria hakuna aliyenunua. Saini ya mwenyekiti peke yake, aliyopigiwa hodi usiku, si idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Idhini hutolewa katika kikao, na muhtasari wa kikao huandikwa. Na kikao hicho kina haki ya kukataa, kwa mfano kikiona mnunuzi si mkazi na hana nia ya kuishi wala kufanya kazi kijijini.

Kwa sababu hiyo, katika kila bei ya jibu, iwe ya muuzaji au ya mnunuzi, ongezeni maneno haya: "endapo Halmashauri ya Kijiji itaidhinisha." Hapo hakuna atakayedai kwamba mwenzake amevunja neno iwapo kikao kitakataa.

Kwa viwanja vilivyopimwa na kupewa hati, utaratibu ni wa Sheria ya Ardhi, namba 4 ya mwaka 1999. Nako kifungu cha 64 kinataka mkataba uwe wa maandishi, au pawepo na maandishi yanayoonyesha masharti yake, na yawe na saini ya yule anayedaiwa. Wahusika waende ofisi ya ardhi kwanza, wahakikishe hati ni ya nani na kama haina rehani. Suala la kodi na ushuru, nani alipe kipi, nalo liingizwe katika mapatano mapema. Likiachwa mwisho huzaa bei ya jibu nyingine wakati kila mtu amechoka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Naomba basi daftari hilo lianze siku ya bei ya kwanza, lisingoje siku ya malipo. Karatasi moja yatosha: tarehe, nani amesema bei gani, kwa masharti gani, mpaka lini, na jibu la mwenzake. Bei ikikataliwa, andikeni "imekataliwa" na tarehe. Bei mpya ikija, andikeni chini yake. Wote wawili watie saini, na shahidi mmoja kila upande. Asiyejua kusoma asomewe na mtu anayemwamini yeye, siyo anayeaminiwa na mwenzake.

Kuhusu kianzio. Nasikia mara nyingi: "Nilimpa laki tano ili asiuze kwa mwingine." Laki tano ya nini? Ni sehemu ya bei? Ni ada ya kungoja? Itarudi kikao kikikataa? Kama hayo hayakuandikwa, mmepanda mgogoro. Kwa ujumla, kifungu cha 65 cha Sheria ya Mikataba kinamtaka aliyepokea manufaa katika makubaliano yaliyoonekana kuwa batili ayarudishe. Lakini haki iliyoko kwenye kitabu na fedha iliyokwisha kununua mabati ni vitu viwili. Ushauri wangu ni kwamba kianzio kisitolewe kabla bei haijakubaliwa kwa ukamilifu. Kikitolewa, kiandikwe ni cha nini na kitarudi lini, na kama kimetumwa kwa simu, ujumbe wa muamala utunzwe.

Mkikwama, msianze kwa kushikana mashati. Kuna Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Kuna Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi bali linapatanisha. Likishindwa kuwapatanisha ndipo shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na mtahitaji uthibitisho wa Baraza la Kata kwamba usuluhishi umeshindikana, isipokuwa kama siku 30 zimepita bila shauri kusuluhishwa. Mkifika huko na ile karatasi ya bei, mtasikilizwa kwa muda mfupi sana. Mkifika na maneno ya "alisema, nikasema", jiandaeni kwa nauli za kushuka na kupanda mlima.

Nimalizie kwa lililoulizwa na mama mmoja kabla hatujaanza: je, aliyekataliwa mara tatu anaweza kutoa bei ya nne? Anaweza, mama. Sheria haiweki hesabu. Ila kila bei isimame peke yake, na tarehe yake, na aliyeitoa awe tayari kuilipa siku itakayokubaliwa, kwa sababu siku hiyo yaweza kuwa leo jioni. Sasa Mtendaji wa Kata ana vielelezo vya ile karatasi ya bei hapa mezani. Kila kaya ichukue kimoja, na wenye maswali wasogee mbele.